Seneta Feingold na Madini ya Kwetu

Sisi wana Kivu tunaoishi Wisconsin tumeulizwa mara nyingi na wazee wa nyumbani: yule seneta wenu alitupigia kura, ao alitupinga?

Russ Feingold alikaa senetini tangu 1993 hadi 2011. Aprili 2009 yeye na wenzake Brownback na Durbin walipeleka mswada wa kufuatilia koltani na kasiteriti zinazolipia bunduki kwetu. Neno hilo likaingia kifungu cha 1502 cha sheria kubwa ya mabenki ya 2010. Naye, ajabu, akaipigia sheria hiyo kura ya hapana, akisema haiyabani mabenki vya kutosha. (Upweke haukumtisha: mwaka 2001 alikataa Patriot Act peke yake, kura 98 kwa 1.)

Sheria ikapita bila yeye. Wanunuzi wakakimbia. Kinshasa ikafunga machimbo ya Kivu na Maniema, Septemba 2010 hadi Machi 2011, na wachimbaji wadogo wakakosa malipo ya shule ya watoto.

Mwaka 2013 Feingold aliteuliwa mjumbe maalumu wa Marekani kwa Maziwa Makuu. Malipo ya shule ndiyo tunayochangia tena mwaka huu. Bahasha iko ndani ya kijitabu.