Ukingo wa Ukuta: Historia ya Malighafi za Urembo wa Ndani ya Nyumba, Kutoka Gisaka Hadi Mahoko

Kila nyumba ina sehemu mbili dhaifu: pale ukuta unapokutana na sakafu, na pale ukuta unapokutana na dari. Hapo ndipo unyevu hupenya, wadudu hujificha na nyufa huanza. Hapo pia ndipo fundi huweka ukingo: ubao wa chini ya ukuta unaoitwa skatingi, au urembo wa jipsamu unaozunguka dari. Wengi wetu tunauona ukingo huo kuwa pambo tu. Katika insha hii ninadai kwamba kihistoria ukingo ulikuwa kinga kwanza, uzuri ukafuata, na kwamba waliochagua vizuri malighafi yake walianza kwa kujiuliza maji yatafanya nini.

Kwetu Mahoko, wilayani Rubavu, swali hilo si la darasani. Mto Sebeya unashuka kutoka nyanda za juu za Gishwati, unapita kwetu na Nyundo, kisha unaingia Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini, hasa katika Mkoa wa Magharibi, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Nyumba nyingi za matofali ya udongo zilianguka. Zilizobaki zilisimama na alama ya tope ukutani, na chini ya alama hiyo ilionekana wazi ni malighafi gani iliyostahimili na ipi iliyoshindwa.

Nianze na nyumba ya jadi. Nyumba ya Kinyarwanda ilikuwa ya mviringo, imesukwa kwa miti, matete na nyasi kuanzia chini hadi kileleni. Mfano wake unaonekana hadi leo Rukari, Nyanza, kwenye makumbusho ya ikulu ya wafalme. Jambo la kuzingatia ni kwamba nyumba hiyo haikuwa na pembe, na paa lilishuka likawa ukuta bila kiungo cha kufichwa. Urembo wa ndani ulikuwa kwenye insika, yaani viambaza vya kusukwa vilivyogawa vyumba, vyenye michoro ya rangi nyeusi na ya asili. Sakafuni yalitandazwa majani laini ya ishinge. Yakilowa yaliondolewa, mengine yakaletwa. Malighafi hizo hazikudumu sana, lakini hazikuhitaji kudumu, kwa sababu zilikuwa jirani na kila mtu alijua kuzibadilisha.

Upande wa mashariki, katika ufalme wa Gisaka, kulizuka ufundi mwingine unaoitwa imigongo. Mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake hivyo. Kinyesi cha ng'ombe, hasa cha ndama, kilichanganywa na majivu, kikabandikwa ukutani na kuinuliwa kwa vidole kuwa matuta membamba yenye maumbo ya pembe. Baada ya kukauka, matuta yalisuguliwa na kutiwa rangi: nyeupe ya udongo, nyekundu ya udongo, nyeusi ya mimea na majivu. Mtu asiyejua anaweza kucheka malighafi hii, lakini ina hekima ndani yake. Majivu huondoa harufu na kufukuza wadudu, nyuzi za majani zilizomo kwenye kinyesi huzuia nyufa, na mchanganyiko wote hushikana na ukuta wa udongo kwa kuwa ni wa jamii moja. Ukuta ukinywea, nao hunywea. Baada ya mwaka 1994 ufundi huu ulikaribia kupotea, ukahuishwa na ushirika wa wanawake huko Nyakarambi. Leo imigongo mingi hutengenezwa juu ya mbao ili iuzwe, na wanunuzi wengi hawajui kwamba asili yake ni ukutani.

Mambo yalibadilika nyumba ilipopata pembe. Mapadri Wazungu walifungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, na kwa misheni yalikuja majengo ya matofali ya pembe nne, yenye sakafu ngumu, dari na milango ya fremu. Nyumba ya namna hiyo huzaa viungo: ukuta na sakafu, ukuta na dari, ukuta na mlango. Kila kiungo kilidai kufunikwa, na kifuniko kilichojulikana ni ubao. Kwa hiyo ukingo wa mbao haukuja kwetu kwa sababu babu zetu hawakujua urembo. Ulikuja kwa sababu umbo la nyumba lilibadilika.

Ubao ulitoka wapi? Mwanzoni ulitoka msituni. Gishwati ilikuwa na miti mikubwa ya asili. Baadaye ikaja miti ya kigeni: mikaratusi, misipresi, misonobari na migrevilea. Bustani ya miti ya Ruhande, huko Butare, ambako miti mingi ya kigeni ilijaribiwa, ilianzishwa mwaka 1933. Mkaratusi ulipendwa kwa kukua upesi, lakini seremala yeyote atakuambia kwamba ubao wake usipokaushwa vizuri hupinda na kupasuka. Kwa ukingo wa ndani, msipresi ni bora: ni mwepisi, hunyooka na hushika misumari bila kupasuka. Mwenye uwezo hununua libuyu kutoka Kongo, ubao mgumu na wa rangi nzuri.

Hapa naomba nivuke kidogo hadi pwani, kwa kuwa wajenzi wa huko walikabili swali hilohilo bila kuwa na msitu wa milimani. Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zina zidaka: safu za vishubaka ukutani zilizonakshiwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na boriti za dari zilikuwa za mikoko. Bahari ilitoa ukuta, pambo na dari. Zaidi ya hayo, chokaa hupumua: ukuta wa matumbawe ukivuta unyevu, chokaa huuachia utoke. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, wataalamu wa uhifadhi wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu kuta za kale kupigwa lipu ya saruji. Saruji hufunga unyevu ndani, chumvi hukusanyika, na ukuta huoza huku uso wake ukionekana mpya.

Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Tangu miaka ya 1980, kiwanda cha CIMERWA kilipoanza kazi huko Bugarama, saruji imekuwa alama ya maendeleo. Nyumba nyingi za Mahoko ni za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, zilizopigwa saruji nyembamba chini ili zipendeze. Maji yakipanda kutoka ardhini, saruji huyazuia yasitoke, udongo hulainika nyuma yake, na siku moja ganda zima hubanduka. Siku hizi zimeongezeka malighafi nyingine mbili. Jipsamu inafaa darini, kwani ni nyepesi na hukatwa kirahisi, lakini ikilowa hulegea. MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi, hupakwa rangi ikang'aa, ila ikinywa maji huvimba wala hairudi ilivyokuwa.

Baba yangu mdogo ni seremala. Familia ilipokaa kuamua nyumba ya bibi irudishiwe nini chini ya ukuta, vijana tulitaka MDF nyeupe kama ya nyumba za mjini. Baba mdogo aliuliza swali moja tu: "Mto ukirudi, mtakibandua hiki mkakikausha?" Hakuna aliyemjibu. Tuliafikiana kuweka safu ya mawe meusi ya volkano, ambayo Rubavu haijawahi kuyakosa, kwa kimo cha magoti. Juu yake ukapita ubao mwembamba wa msipresi uliofungwa kwa skrubu, si gundi, ili uweze kufunguliwa. Skrubu zina faida ya pili: Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi kutetemeka siku kadhaa, nyumba nyingi za Rubavu zilipasuka, na kilichoshikana kwa ukaidi ndicho kinachovunjika kwanza. Bibi alilalamika kwamba jiwe ni la nje, si la sebuleni. Baadaye alilipaka mafuta mwenyewe likang'aa, akanyamaza.

Lipo jambo ambalo fundi peke yake hawezi kulitatua. Miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta 28,000 hivi. Malisho, mashamba, miradi ya miaka ya 1980 na makazi ya waliorejea nchini baada ya 1994 viliupunguza hadi hekta 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mlima uliovuliwa miti hauzuii mvua, na tope lake huishia Sebeya. Mwaka 2015 sheria iliunda Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na miti inapandwa tena. Msitu huo uliokuwa ukitupa mbao ndio uliokuwa pia ukizuia maji yasitufikie. Libuyu tunayojivunia leo nayo inatoka katika msitu wa watu wengine, na huko pia kuna mito.

Kwa kuhitimisha, historia hii haitufundishi kurudi kwenye kinyesi cha ndama wala kukataa kila kitu kipya. Inatufundisha namna ya kuchagua: malighafi ipatane na ukuta inaoufunika, iweze kurekebishwa na mikono iliyopo kijijini, na ijulikane imetoka wapi. Fundi wa Gisaka, wa Lamu na wa Mahoko wasingeelewana lugha, lakini swali hilo la maji kila mmoja wao angelielewa mara moja.