Kikaangio cha hewa moto

Ukipita maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo, kifaa hiki kinaitwa eafraya na biashara inakwenda. Muuzaji na mnunuzi wanaelewana. Taabu humpata anayetakiwa kuandika, yaani mtafsiri wa kijitabu cha maelekezo au mwandishi wa mapishi gazetini. Wengi hukimbilia "kikaango hewa", na hapo Mtanzania aliyesoma magazeti ya mwaka 2016 hana budi kucheka. Mwaka ule serikali ilikuwa ikiwasaka wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa mishahara ilhali hawapo. Neno hewa likikaa peke yake nyuma ya nomino namna hiyo, maana yake ni kitu kilichopo kwenye karatasi tu. Kikaango hewa, kwa sikio hilo, ni kikaango kilichonunuliwa kwa fedha za umma na hakuna aliyewahi kukiona.

Dawa ni kuweka "cha" na kusema ni hewa ya namna gani: kikaangio cha hewa moto. Nachagua kikaangio kwa kuwa kikaango tayari ni lile sufuria bapa la kukaangia mayai. Najua wapo wanaoyatumia maneno yote mawili kwa chombo hicho hicho, lakini tukipata nafasi ya kuyagawia kazi, tuitumie.

Je, "kukaanga" ni sahihi? Wapishi wakali wa Ulaya na Marekani husema jina la Kiingereza ni ujanja wa wauzaji: usipotumbukiza chakula kwenye mafuta hujakaanga, umeoka tu ndani ya kijioveni chenye feni. Katika lugha yao wana hoja. Katika Kiswahili hoja hiyo haina miguu. Sisi twakaanga kahawa, twakaanga ufuta, twakaanga karanga kwenye mchanga au chumvi, pasipo tone la mafuta. Tena kamusi za zamani zinacho kitenzi karanga, chenye maana ile ile ya kaanga, na ndiyo maana tunasema njugu karanga. Mswahili akikaanga anataka kitu kikauke nje na kuwa chekundu. Kinachokipelekea joto, kiwe mafuta, mchanga au hewa, ni habari nyingine.

Na kukausha ndiyo kazi yenyewe ya mashine. Juu kuna waya wa joto na feni, chini kikapu chenye matundu. Feni huizungusha kwa kasi hewa ya nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Hewa hupokeza joto kwa unyonge kuliko mafuta, kwa hiyo ikitulia haifui dafu. Ikikimbia, hukumba mvuke unaotoka kwenye nyama, na sehemu ya nje ikishakauka na kuvuka nyuzi 140 hivi, protini na sukari huungana kuleta ule wekundu na harufu. Mmenyuko huo ulielezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Oveni zenye feni zilikuwepo zamani, lakini kifaa hiki kidogo cha mezani kilivuma baada ya Philips kukizindua Berlin mwaka 2010.

Lipo jina la tatu, "kikaangio kisicho na mafuta". Hili linakataliwa na sandwichi ya kuku wa pilipili. Chukua paja lisilo na mfupa, uliloweke usiku kucha kwenye mtindi, kitunguu saumu, chumvi na pilipili ya unga. Lichovye kwenye unga wa ngano uliochanganywa na konflawa na chenga za mkate, kisha liweke kikapuni vivi hivi. Dakika 15 baadaye litatoka na mabaka meupe, unga mbichi unaokwama kooni. Lakini ukilipaka mafuta kwa brashi kwanza, palipoguswa patakuwa pekundu na patalia ukipagonga kwa kijiko. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha, lakini lazima kiwepo. Rojo la bhajia nalo lisahau kabisa: litapenya matunduni kabla halijashika.

Pilipili iingie kwenye mtindi na kwenye sosi, isinyunyizwe juu, maana kwa nyuzi 200 huungua ikawa chungu. Geuza paja katikati ya muda, na ukiwa na kipimajoto, ndani pafike nyuzi 74. Kuikamilisha sandwichi: mkate wa baga, mayonezi iliyokorogwa na ndimu na pilipili mbuzi, kachumbari iliyokamuliwa maji.

Katika mapishi yenyewe sioni haja ya kurudia jina zima kila mstari. Ukishalitaja mara moja juu, andika tu "weka kwenye kikaangio, nyuzi 200", na anayemaanisha kile cha mayai aandike kikaango.