Jim Reeves wa Mzee

Jana usiku natoka kazini, daladala ikapiga Jim Reeves. Wadau, nilipitiliza kituo.

Mzee wangu alikuwa na kaseti yake moja, akiifungulia Jumapili tu baada ya chai. Sisi watoto tulidhani ni mhubiri. Kumbe jamaa alizaliwa Texas 1923, akacheza besiboli, akaumia, akaishia utangazaji wa redio. Ndiyo maana matamshi yake yamenyooka, hata mwenye Kiingereza cha kuokoteza anamfuata.

Mwanzoni aliimba kwa sauti ya juu kama wenzake. Mwaka 1957, kwenye "Four Walls", akasogelea maikrofoni na kushusha sauti kama anayemnong'oneza mtu. Prodyuza wake Chet Atkins kule Nashville akapunguza fidla za kijijini, akaweka waitikiaji wa taratibu. Wapenzi wa country ya zamani walinuna (eti si country tena!). Nawaelewa, ila bila ule ulaini sidhani kama ingefika sebuleni kwetu.

Julai 31, 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville, kwenye mvua ya radi. Alikuwa na miaka 40. Mjane wake, Mary, akaendelea kutoa nyimbo alizoziacha, na mwaka 1966 "Distant Drums" ikashika namba 1 Uingereza. Mwenyewe yuko kaburini mwaka wa pili!

Mzee naye alitutoka mwaka juzi. Kaseti ninayo, ila mkanda umekatika. Nimempelekea fundi redio, kasema nirudi Ijumaa.