Gari Dogo Lilivyofundishwa Kunyamaza

Starlet ya Toyota au Charade ya Daihatsu iliyokwisha kula zaidi ya miaka ishirini barabarani hujulikana kabla haijaonekana. Mvumo mzito hutoka chini, dashibodi hutetemeka gari likisubiri kwenye taa, na mlango wa nyuma hugongagonga kila tairi likiingia shimoni. Wenye magari hayo wengi wamekwisha kukata tamaa: gari dogo ni la bei nafuu, wanasema, na ndivyo lilivyoumbwa. Historia yake inasema vingine. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa limenyamazishwa kwa makusudi, kifaa kimoja baada ya kingine, kwa kazi iliyochukua karibu karne nzima. Sehemu kubwa ya makelele ya leo inatokana na vitu vilivyochakaa, vilivyong'olewa au vilivyouzwa.

Kazi hiyo haikuanzia Detroit wala Stuttgart. Ilianzia Columbus, mji mdogo wa jimbo la Indiana nchini Marekani, kwa ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves. Milton alikuwa mtu wa mambo ya kupasua mbao. Uvumbuzi uliompa jina ulikuwa puli ya kubadilishia mwendo wa msumeno. Mwaka 1896 alitengeneza gari, wakati ambapo farasi ndio waliokuwa bado wenye barabara, na farasi akishtuka huwa ni balaa. Tarehe 11 Mei 1897 ndugu hao wakapata hataza ya kifaa cha kutuliza mlio wa moshi wa injini. Wazo lenyewe ni jepesi kueleza. Moshi hutoka kwenye silinda kwa mapigo, kila pigo likiwa na shinikizo kubwa. Ukiupitisha kwenye kopo lenye vyumba na matundu, unapata nafasi ya kutanuka na kupoa njiani, na pigo hufika nje likiwa limeishiwa nguvu. Mafla zote zilizofuata zimesimama juu ya wazo hilo.

Madereva wa mwanzo hawakuishukuru mafla. Waliamini inaikaba injini, kwa hiyo magari mengi ya miaka ile yalifungwa kilango kilichofunguliwa kwa kanyagio au waya, moshi ukatoka moja kwa moja bila kupita kwenye kopo. Mlima ukianza, kilango wazi. Miji kadhaa ya Marekani ililazimika kukipiga marufuku. Ubishi huo haujafa: kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayekata mafla ya Vitz yake ya lita moja atakwambia gari sasa "linapumua". Ukweli ni kwamba injini ndogo isiyobadilishwa kitu kingine haiongezi nguvu ya kuhisika kwa kukatwa mafla. Inachoongeza ni maadui mtaani.

Jina linalofuata lina historia chungu katika pande hizi za Afrika. Hiram Stevens Maxim ndiye aliyebuni bombomu iliyobeba jina lake, silaha ambayo Henry Morton Stanley alikuja nayo katika msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha mwaka 1887, na ambayo Waingereza na Wajerumani waliitumia baadaye kuteka nchi hizi. Milio ya bunduki zake mwenyewe ilimharibia masikio. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alishika njia tofauti. Alikuwa mhandisi wa magari kwanza, na mwaka 1909 akapata hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki, kilichofanya kazi kwa kanuni ileile ya kuupa moshi nafasi ya kutanuka na kuzunguka kabla haujatoka. Kampuni yake baadaye iligeukia kunyamazisha injini. Baba alipeleka mlio duniani, mwana akaiuzia dunia dawa yake.

Lakini eksozi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine hupita kwenye chuma. Injini ya silinda nne ina tabia ya kutikisika juu na chini hata ikiwa nzima kabisa, na katika magari ya zamani ilifungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye fremu, hivyo abiria walitikisika pamoja nayo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilileta kwenye Plymouth mfumo wa kuiweka injini juu ya raba chache zilizopangwa kwa hesabu, ili itikisike peke yake bila kulitikisa gari. Mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa walinunua haki ya kuutumia. Mauntingi za injini zinazouzwa leo Kariakoo ya Dar es Salaam na Grogan ya Nairobi ni wajukuu wa raba zile. Zikipasuka, gari hurudi mwaka 1930.

Kisha likaja tatizo ambalo gari dogo ndilo lililoumia nalo zaidi. Watengenezaji waliacha fremu nzito ya chini na kuifanya bodi yenyewe ndiyo mifupa. Uzito ukapungua na bei ikashuka, lakini kila bati sasa likawa limeungana na kila kinachotikisika. Mini ya Alec Issigonis, iliyotoka Uingereza mwaka 1959, ilikuwa na akili nyingi na kelele nyingi. Giaboksi ilikaa chini ya injini ikioga oili ileile, magurudumu yalikuwa madogo, na fremu fupi iliyobeba injini mbele ilifungwa kwenye bodi bila raba katikati. Ilichukua hadi mwaka 1976 kuwekewa raba hizo. Miaka kumi na saba watu waliinunua, wakaipenda, wakapiga kelele ili wasikizane ndani yake.

Baada ya hapo ukaja mlango wa nyuma. Renault 4 ya mwaka 1961 ilionyesha kwamba gari la familia linaweza kufunguka nyuma kama la mizigo. Renault 16 ya mwaka 1965 ikalipeleka wazo hilo kwa watu wenye pesa zaidi kidogo, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1966. Golf ya Volkswagen ikafuata mwaka 1974, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Starlet nayo ilikuwa na mlango wa nyuma. Faida ilionekana sokoni: kunja kiti, tia gunia. Hasara ilisikika barabarani. Katika gari la buti ya kawaida, kiti cha nyuma na bati lililo nyuma yake ni ukuta kati ya watu na eksozi. Mwenye hachibeki, yaani gari la mlango wa nyuma, hana ukuta huo. Kopo la mwisho la eksozi, matairi ya nyuma na abiria, wote wamo chumba kimoja.

Chumba hicho nacho kina hulka yake. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na chumba chenye urefu wa mita 2.2 hivi huitikia kwa nguvu sauti yenye mapigo 77 kwa sekunde. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,300 kwa dakika, mapigo yake ni hayohayo. Ndiyo maana katika hachibeki kuna mwendo mmoja ambao kichwa hujaa mvumo, ukiongeza au ukipunguza kidogo unatoweka. Wahandisi walipambana nao kwa kuongeza kwenye bomba kopo la pili, rezoneta, lililopimwa ukubwa ili limeze sauti za aina hiyo. Kwa raba za kuning'inizia eksozi zilizofungwa mahali bomba halitikisiki sana. Na kwa kile kibao cha nyuma kinachofunika buti. Watu hudhani kibao hicho ni cha kuficha mizigo isionwe na wezi. Hufanya hivyo, lakini pia hukata njia ya sauti inayopanda kutoka kwenye shimo la tairi la spea.

Mambo yalizidi mwaka 1976, Volkswagen walipoitia Golf injini ya dizeli ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 50. Mafuta ilikula kidogo, lakini asubuhi mtaa mzima ulijua nani anakwenda kazini.

Serikali zilikuwa zimekwisha kuingilia. Mwaka 1970 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliweka kikomo cha desibeli 82 kwa gari dogo linalopita huku limekanyagwa mafuta hadi mwisho, maikrofoni ikiwa mita 7.5 kutoka mstari wa katikati. Kikomo kilishushwa hadi 80 mwaka 1977, 77 mwaka 1984, na 74 kwa sheria ya mwaka 1992. Tarakimu zinaonekana ndogo, ila kila desibeli 3 zikipungua nguvu ya sauti hukatika nusu. Kutoka 82 hadi 74 ni kubakiza kama sehemu moja ya sita. Sheria hizo, hata hivyo, zilimlinda aliye barabarani. Aliye ndani aliachiwa soko limtetee.

Mtetezi wake mkuu alikuwa lami. Mwaka 1952 mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann Oberst, alichapisha utafiti kuhusu namna tabaka lililogandishwa imara juu ya bati jembamba linavyoua mtikisiko wake. Kwa nini bati tupu hulia kama debe, na kwa nini likibandikwa kitu kizito chenye mnato huishia kutoa mlio wa kufa? Oberst aliweka hesabu, na njia yake ya kupima bado inatumika. Ukinyanyua zulia la Starlet utazikuta karatasi za lami zimebandikwa katikati ya bati la sakafu, pale linapocheza zaidi, si kila mahali. Kiwanda hakikuwa bahili. Kilijua pa kubandika.

Charade inastahili kutajwa peke yake. Daihatsu waliitoa mwaka 1977 ikiwa na injini ya silinda tatu ya sentimita za ujazo 993, na kwa kuwa silinda tatu hutikisika kwa namna ya kuyumba mbele na nyuma, wakaitia shafti ya kusawazisha. Ni gharama ambayo wengi wangeiruka kwenye gari la bei ile. Kwamba lilikuwa gari la kudharauliwa kunakanushwa na Safari Rally ya mwaka 1993: nyuma ya Celica nne za Toyota zilikuja Charade tatu, nafasi ya tano, ya sita na ya saba.

Biashara ya magari yaliyotumika Japani ilipofunguka, magari haya yalishuka Mombasa na Dar es Salaam kwa maelfu, na hapo kazi ya karne ilianza kufumuliwa. Masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, yana platinamu, paladi na rodi, kwa hiyo wapo wanaoyanunua na wapo wanaoyang'oa bila mwenye gari kujua. Mahali pake huchomelewa bomba tupu. Wengi hawajui kwamba masega nayo huvunja mlio. Rezoneta ikitoboka kutu, fundi huiruka. Raba ya kuning'inizia ikikatika, hufungwa waya, na waya hupeleka mtikisiko wa bomba sakafuni moja kwa moja.

Fundi mzuri wa Gerezani, Dar es Salaam, huanza bila kuwasha mashine ya kuchomelea. Eksozi ikiwa ya baridi hugonga makopo kwa ngumi, akisikiliza kama kuna bati lililoachia ndani. Kisha injini inawashwa, anaziba mdomo wa bomba kwa tambara kwa muda mfupi, na penye tundu panapiga mluzi. Tundu hilo si la kelele tu. Moshi wake una kaboni monoksidi, na katika gari la mlango wa nyuma hupanda hadi kwa watoto walioketi nyuma. Halafu huangalia mauntingi gari likitiwa gia. Mwisho hubana noti kwenye raba ya mlango wa nyuma na kuivuta: ikitoka kwa ulaini, raba imekufa.

Siku hizi soko limejaa karatasi za kubandika zenye ngozi ya alumini, na wapo wanaovalisha gari zima kabla ya kugusa eksozi. Gari huongezeka uzito, mvumo wa mizunguko 2,300 unabaki palepale, kwa sababu karatasi zile hutuliza bati, hazizibi tundu wala hazirudishi rezoneta. Kibao cha buti nacho ndicho cha kwanza kutupwa, mara nyingi kikitobolewa spika kwanza. Anayekihitaji leo hukitafuta kwa wauza spea waliovunja gari la aina yake, na akikipata akague kwamba vishikizo vyake vya pembeni na kitambaa chake cha chini bado vipo, kwa kuwa bila hivyo kitagongagonga na kuongeza kelele nyingine.