Kituo cha Msingi au Kituo Mama? Historia ya Istilahi za Kupasha Vipimo, kwa Mfano wa Maji ya Uwanda wa Makonde

Mfasiri anayepewa kijitabu cha kufunga mitambo ya redio inayoleta vipimo kutoka mbali hukutana na shida kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Mtambo mmoja hukaa katikati na kupokea habari. Mitambo mingine hukaa kwenye matangi, visima na mabomba, kila mmoja ukipima na kuarifu. Huo wa katikati Waingereza huuita kwa neno lenye maana ya msingi, au tako la kitu, au ngome ya jeshi. Je, sisi tuuite nini? Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba jibu halipatikani katika kamusi peke yake. Hatuna budi kutazama vitu vyenyewe vilivyoingiaje katika maisha ya watu, na maneno gani tayari yamekwisha kushika nafasi katika vichwa vyao. Mfano wangu ni maji ya Newala na Masasi.

Maji chini, watu juu

Uwanda wa Juu wa Makonde umeinuka kama meza iliyoinamia kidogo upande wa bahari. Ukingo wake wa magharibi, ambako mji wa Newala umesimama, unaporomoka ghafla kuelekea mabonde, na upande wa kusini macho yanafika hadi bonde la mto Ruvuma. Udongo wa juu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha haikai. Inazama, kisha inatokea tena katika chemchemi zilizo chini ya miteremko. Kwa hiyo watu wameishi juu, penye mashamba na vichaka vilivyowakinga na maadui wa zamani, na maji yao yakaishi chini. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiona taabu hiyo ya kuteka maji na akaiandika katika kitabu chake cha safari. Mzigo huo aghalabu ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake.

Katika miaka ya 1950 uliwekwa mradi mkubwa wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu, chini ya Shirika la Maji la Makonde, na maji yakauzwa kwa debe. Baada ya Uhuru siasa ya maji ilibadilika. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 uliokusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake, na tangu muongo huo Ufini ilisaidia kwa muda mrefu miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Siku hizi Newala na Tandahimba zinahudumiwa na mamlaka ya maji yenye jina la Makonde, na Masasi na Nachingwea zina mamlaka yao, ambayo chanzo chake kikubwa ni chemchemi za Mbwinji.

Jambo moja halijabadilika katika miaka yote hiyo. Mwendesha pampu yuko bondeni, na tangi liko juu ya mlima. Halioni. Akisukuma mno, maji yanafurika na mafuta au umeme unapotea bure. Akisukuma kidogo, bomba la kijijini linakauka na ndoo zinashuka tena mteremkoni. Kati ya pampu na tangi lazima habari ipite. Ipelekwe na mtu kwa miguu, kwa baiskeli, kwa simu au kwa mawimbi ya redio, kazi ni ile ile: kumwambia aliye chini kiasi cha maji kilicho juu. Mitambo tunayotaka kuipa majina imekuja kufanya kazi hiyo ya mjumbe.

Waya uliobakiza jina

Tuanze na neno lililofaulu kupita yote. "Simu" limetoka katika Kiajemi, ambako asili yake ni fedha na pia waya. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na neno likashika mizizi pwani. Kwanza simu ilikuwa waya wenyewe, kisha ikawa habari inayopita katika waya, kisha chombo cha kuzungumzia. Hatimaye vituo vya polisi, misheni na hospitali zilizokuwa mbali na nguzo vilipopata mitambo ya redio, watu wakasema "simu ya upepo".

Tukilipima jina hilo kwa asili yake, ni waya wa upepo, yaani waya usiokuwapo. Hata hivyo hakuna aliyepotea njia kwa sababu yake. Funzo tunalolipata ni kwamba msemaji hajali asili ya neno. Anajali neno hilo linafanya kazi gani leo na limekaa karibu na maneno gani. Funzo hili litatufaa tutakapofika kwenye "msingi".

Masafa: neno moja, maana mbili

Si maneno yote yaliyopita salama. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikageuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wasikilizaji walizoea kuambiwa kwamba wanasikiliza katika masafa ya kati au masafa mafupi. Neno "masafa" kwa Kiarabu ni umbali, na hapo lilitumika kwa haki: wimbi la redio lina kilele na kilele, na umbali kati ya vilele viwili ndio urefu wa wimbi. Masafa mafupi, basi, ni mawimbi mafupi.

Baadaye neno lilo hilo likachukua maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Leo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003, inapogawa masafa, inagawa idadi hizo. Sasa mambo hayo mawili yanakwenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo yake ni mingi. Kwa hiyo "masafa mafupi" ya mtangazaji wa zamani na "masafa ya juu" ya mhandisi wa leo huweza kuwa kitu kimoja.

Mtu atasema hili ni jambo la wanazuoni. Sivyo. Fundi anayefunga antena huikata kwa kufuata urefu wa wimbi. Redio inayotumia megahezi 150 ina wimbi la mita 2, kwa kuwa mwendo wa mawimbi ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Antena ya robo ya wimbi hilo ni sentimita 50 hivi. Kijitabu kikimwambia fundi kwamba masafa yakiongezeka antena nayo irefushwe, ataikata vibaya, na tangi litakuwa bubu. Naona yafaa tuliache "masafa" mahali serikali ilikokwisha kuliweka, yaani idadi ya mitetemo, na kwa ile maana nyingine tuseme "urefu wa wimbi" kila mara, bila kufupisha.

Kituo kilichogombewa Unguja

Vituo vya kupokea vipimo kwa redio si vitu vipya kabisa katika pwani yetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu, Unguja, kilichokuwa kiungo kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyozunguka dunia kuwafuata wanaanga wao. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, hapo zilipokewa sauti yake pamoja na habari za mwili wake na za chombo chake. Wapinzani wa kituo, hasa watu wa chama cha Hizbu, walikitazama kuwa ni cha kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa. Kaskazini zaidi, karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco, na kutoka huko tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Katika mambo ya Tunguu mfasiri anapata onyo. Neno la Kiingereza "base" lina uso wa jeshi na uso wa ufundi. Anayelifasiri bila kutazama kazi ya kitu huweza kukifanya chombo cha kuhesabu mapigo ya moyo kionekane ngome ya mizinga. "Kituo" peke yake ni neno la amani: kuna kituo cha afya, kituo cha basi, kituo cha polisi. Kinachotakiwa ni sifa yake tu.

Msingi wa wapi?

Wengi hukimbilia "kituo cha msingi". Kwa sarufi halina kosa. Kosa lake ni majirani zake. Elimu ya msingi ni elimu ya chini. Shule ya msingi ni ya kuanzia. Na kwa mkulima wa korosho wa Masasi au Newala, "chama cha msingi" ni kile chama kilicho kijijini kwake, anakopeleka magunia yake. Juu ya vyama hivyo ndipo kipo chama kikuu kinachoviunganisha. Msingi, katika lugha ya ushirika, ni ngazi ya chini, na huwa ni mingi.

Mwambie mkulima huyo, ambaye pia ni mjumbe wa kamati ya maji, kwamba "kituo cha msingi kimeharibika". Ataelewa kuwa kimeharibika kimoja kati ya vile vidogo vilivyotawanyika vijijini. Atatafuta kwenye tangi lake. Kumbe kilichoharibika ni kile kimoja cha katikati ambacho bila yeye vyote havisikiki. Siku nzima itapita mahali pasipo na hitilafu.

"Kituo kikuu" lingefaa zaidi, lakini ofisi ya maji yenyewe ni kituo kikuu, na si lazima mtambo ukae ofisini. Mara nyingi haukai. Kanuni ya mafundi husema: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mlingoti kwa mita, zidisha kwa 4.1, nawe utapata kilomita ambazo wimbi litafika penye ardhi tambarare. Mlingoti wa mita 25 hufika kilomita 20 na nusu. Antena ya mita 9 juu ya tangi huongeza kilomita 12 na kidogo. Jumla ni kama 33. Lakini Newala si tambarare. Aliye juu ya ukingo huona mbali sana kuelekea magharibi, ilhali pampu iliyo chini ya mteremko, karibu yake kabisa, imefichwa na ukingo wenyewe. Upande wa Masasi, vilima vya mawe vinavyosimama peke yake huzuia wimbi nyuma yao, na hapo hapo hutoa vilele vizuri vya kuweka mlingoti. Basi mtambo hufuata mlima, na mkurugenzi hubaki mjini. Pasipoonekana huwekwa mtambo wa tatu unaopokea na kupeleka mbele; huo tuuite "kituo cha kupokezana", kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti.

Kwa mtambo wa katikati napendekeza "kituo mama". Tunalo tayari "kampuni mama", ambalo maana yake ni ile inayoshika matawi. Neno hilo linaeleza kwamba ni kimoja, kwamba vingine vinakitegemea, na kwamba vinazungumza nacho. Vile vya kwenye matangi na visima vitaitwa "vituo vya pembeni".

Kupima na kupasha

Limebaki jina la kazi yote. Wapo wanaosema "upimaji wa mbali", kwa kufuata Kigiriki, ambacho huunganisha mbali na kipimo. Hapa Kigiriki kinapotosha. Anayesikia "kupima mbali" huweza kudhani tunapima umbali, au tunapima kitu tukiwa mbali nacho, kama picha za setilaiti zifanyavyo. Katika tangi la Newala kupima hufanyika pale pale: boya linapanda na kushuka juu ya maji. Kinachokwenda mbali ni habari ya kipimo. Kiswahili kina kitenzi chake tangu zamani, "kupasha", nasi twasema upashaji habari bila kusita. Kwa hiyo nasema "upashaji vipimo", na ikiwa ni kwa mawimbi, "upashaji vipimo kwa redio". Mahali ambapo jina la kimataifa linahitajika, "telemetria" na liandikwe mara moja mwanzoni, kisha liache njia.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 limekuwa likitoa orodha za tafsiri sanifu. Taratibu zetu za kuunda istilahi zinatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Naona taratibu hizo zinahitaji swali moja zaidi: neno hili, huko litakakokwenda kufanya kazi, limekwisha kuwa na maana gani? Swali hilo haliulizwi mezani Dar es Salaam tu. Linaulizwa chama cha msingi, pampuni, na kwa mama aliyesimama na ndoo. Yeye hatalisoma neno letu, lakini tukilikosea, yeye ndiye atakayeteremka bondeni.