Orpington: Jimbo Lililoitikisa Serikali

Ewe msomaji kijana, huenda jina la Orpington umelisikia kwa ajili ya kuku wanene wenye manyoya tele, ambao mfugaji William Cook alianza kuwazalisha huko mwaka 1886. Lakini katika historia ya Bunge la Uingereza jina hilo lina habari nyingine, nayo yafaa uijue.

Orpington ni kitongoji kusini-mashariki ya London, yapata maili 13 kutoka katikati ya jiji. Hapo kwanza palikuwa kijiji cha Kent. Gari la moshi lilifika mwaka 1868, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza nyumba nyingi zikajengwa. Wakazi wake wengi walikuwa makarani na walimu, watu wa kuondoka asubuhi kwenda kazini London na kurudi jioni, huku wakilipa kidogo kidogo mikopo ya nyumba zao.

Jimbo la uchaguzi lilianzishwa mwaka 1945, na chama cha Conservative kikakishika kiti kana kwamba ni urithi. Mwaka 1959 kilishinda kwa kura 14,760 zaidi. Kisha mbunge akajiuzulu apate kuwa hakimu, ikawa lazima kupiga kura tena.

Wakati huo watu walikuwa na uchungu. Julai 1961, Selwyn Lloyd, Waziri wa Fedha, alizuia nyongeza za mishahara ya watumishi wa umma, walimu na wauguzi wakiwemo, na riba ikapanda. Conservative wakamleta Peter Goldman, msomi wa makao makuu ya chama, asiyekuwa mwenyeji. Liberal wakamsimamisha Eric Lubbock, mhandisi na diwani wa kijiji cha Downe, mle mle jimboni.

Tarehe 14 Machi 1962 Lubbock alipata kura 22,846, na Goldman 14,991. Nchi nzima ilishangaa. Miezi minne baadaye, Waziri Mkuu Macmillan, akiandamwa na hasara za namna hii, aliwafukuza mawaziri saba kwa siku moja, Lloyd akiwa mmojawapo.

Jambo hili latugusa hata sisi. Mwaka 1968 serikali ya Labour ilileta sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza wasiingie huko. Chama cha Lubbock, kidogo kwa hesabu, kiliipinga, ingawa sheria ilipita.

Mwaka 1970 Lubbock alishindwa. Alisema kwa mzaha kwamba wenye busara walimchagua, na wapumbavu wakamtoa. Tangu hapo hata uchaguzi wa 2024 kiti kimekuwa cha Conservative. Lakini mwaka 2001 walinusurika kwa kura 269 tu.

Basi, kijana, siku moja nawe utasimama mbele ya sanduku la kura. Wakikuambia kwamba jimbo lako ni la chama fulani tangu zamani, na kura yako haibadili neno, kumbuka makarani wa Orpington. Kiti ni cha wapiga kura. Mbunge huazimwa tu.