Herufi Nene Juu ya Milango ya Maduka

Katika toleo hili la kumbukumbu ya hekalu letu imetupasa kusema neno juu ya jambo ambalo wengi hupita chini yake kila siku bila kulitazama, nalo ni herufi. Vichwa vya habari vya kitabu hiki vimepangwa kwa herufi nene za mtindo wa kale, zenye vikanyagio vipana miguuni na vichwani, ambavyo wachapaji huviita serifu. Tumezichagua kwa sababu ndizo zilizobeba majina ya wazee wetu juu ya maduka ya Arusha, na sasa zinatoweka.

Herufi hizo zilizaliwa kwa ajili ya biashara. Hapo awali wachapaji walitumia herufi za vitabu, zinazosomwa kwa karibu. Viwanda vya Uingereza vilipoongezeka, matangazo ya ukutani yalihitaji herufi inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kati ya mwaka 1815 na 1817, Vincent Figgins wa London alitoa herufi ambazo vikanyagio vyake vilikuwa vinene kama mwili wake. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kutengeneza kwa mashine herufi kubwa za mbao, zilizokuwa nyepesi na za bei nafuu kuliko za risasi. Mwaka 1845 Robert Besley wa London alitoa herufi iitwayo Clarendon, akaisajili kwa miaka 3. Muda huo ulipokwisha wengine wakaiiga, na mtindo ukaenea duniani.

Mwandiko wa Kigujarati una historia yake. Hauna ule mstari wa juu unaounganisha herufi za Devanagari, na kwa muda mrefu ulitumika zaidi kwa barua na hesabu, hata ukaitwa mwandiko wa wafanyabiashara. Ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1797, katika tangazo la gazeti la Bombay Courier. Mwaka 1812 Fardunji Marzban alifungua kiwanda cha kuchapa Kigujarati mjini Bombay, na mwaka 1822 akaanzisha Mumbai Samachar, gazeti linalotoka hadi leo. Neno la Kiswahili "chapa" nalo lina asili ya Kihindi, kama yalivyo "gari" na "bima". Na kila Diwali, katika ibada ya Chopda Pujan, tunaandika Shubh na Labh, yaani heri na faida, kwenye daftari jipya kabla ya kuingiza hesabu yoyote.

Kazi ya chapa ilijenga pia ujirani. Jijini Nairobi, Harry Thuku alijifunza kupanga herufi katika gazeti la walowezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, alipodai haki za Waafrika, alisaidiwa na Manilal Desai, Mgujarati mwenye gazeti la East African Chronicle, ambaye alimfungulia ofisi na mtambo wake wa kuchapa.

Hapa Arusha, baada ya Wajerumani kujenga boma lao mwaka 1900, wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka, na mji ukazidi kukua reli ya kutoka Moshi ilipofika, karibu na mwaka 1930. Juu ya mlango wa duka, mafundi waliumba kwa saruji jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi. Herufi nene ilifaa sana kazi hiyo: mstari mwembamba wa saruji humomonyoka kwa mvua za masika, ilhali mnene hudumu, na kikanyagio kipana hushika ukuta. Mkulima aliyeshuka kutoka Kimandolu na mzigo wake wa ndizi aliweza kulitambua duka kwa umbo la herufi, hata kama hakusoma.

Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilihamishia kwa Serikali nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyingi zilikuwa za Waasia, na familia nyingi zikahamia Uingereza, Kanada na India. Hati zilibadilika, lakini mahali pengi jina lilibaki ukutani, na mpangaji mpya akafanya kazi chini ya jina la mzee asiyemjua. Hatuandiki haya ili kufufua madai. Tunataka tu ijulikane kwamba majina hayo yalitunzwa na majirani waliokuwa na kila nafasi ya kuyabandua.

Leo maghorofa yanapanda, na mabango ya plastiki yanayochapwa kwa saa moja yanafunika saruji ya zamani. Hatuwezi kuzuia mji kukua, wala sisi wafanyabiashara hatupendi uzuiwe. Tunaomba jambo dogo. Yeyote anayekarabati au kubomoa jengo lenye jina la kale, na alipige picha kwanza, aandike mtaa na mwaka uliopo ukutani, kisha atuletee nakala hekaluni ili itunzwe katika kumbukumbu zetu. Watoto wa familia zilizohama hurudi wakiuliza duka la babu lilikuwa wapi, na mara nyingi herufi hizo ndizo jibu pekee lililobaki.

Kwa majirani mliotunza majina hayo kwa zaidi ya miaka 50, bila kuombwa wala kulipwa, tunatoa shukrani zetu za dhati.